Simama, Tazama, Sikiliza

Habari yangu ya kwanza kuhusu ajali ya treni haikufika hata maneno mia mbili. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nitoke chuo, na bado nilikuwa naona fahari kila jina langu linapotokea gazetini. Lori la mahindi lilikuwa limegongwa kwenye kivuko cha reli huko kijijini, na dereva wake amefia palepale. Nikapiga simu mbili, nikapata idadi ya waliofariki na waliojeruhiwa, halafu nikaandika sentensi ambayo kila mwandishi wa habari nchini anaijua kwa moyo: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva wa lori, ambaye alivuka reli bila kuchukua tahadhari. Mhariri hakubadilisha hata nukta.

Miezi kadhaa baadaye nikapita mahali pale kwa bodaboda, nikiwa na safari nyingine kabisa. Barabara ya vumbi inakwenda sambamba na reli kwa muda, halafu inakata kona ghafla na kupanda tuta. Kulia kuna kichaka kikubwa na kushoto reli yenyewe inapinda. Mpaka gurudumu la mbele liwe karibu kabisa na chuma, huoni kitu. Kijana wa bodaboda alisimama chini ya tuta, akazima pikipiki na kutulia kidogo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hapa kaka tunavuka kwa masikio. Macho hayasaidii."

Marehemu alikuwa ndani ya lori lenye injini inayonguruma na shehena mgongoni. Hata kama angetaka kuvuka kwa masikio, angevukaje?

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, kila nikipata nafasi, historia ya kitu ambacho hakuna anayekitungia riwaya: mahali barabara inapokutana na reli. Nilitegemea kukuta historia ya mitambo, na mitambo nimeikuta kweli. Ila chini yake kuna swali moja ambalo limeulizwa kwa karibu miaka mia mbili na majibu yake yanabadilika badilika: pale njia mbili zinapokutana, mzigo wa kuzuia kifo ni wa nani? Wa aliyeleta treni, au wa aliyekuwa anapita zake?

Simulizi ya kwanza inatoka Uingereza, na ina mayai ndani yake. Reli ya Leicester na Swannington ilifunguliwa mwaka 1832. Inasimuliwa kwamba mwezi Mei 1833, treni iliyovutwa na injini iitwayo Samson iligonga mkokoteni wa farasi kwenye kivuko karibu na kijiji cha Thornton. Mkokoteni ulikuwa unapeleka siagi na mayai sokoni Leicester. Dereva wa treni alikuwa na tarumbeta ya kupuliza kwa mdomo, na akaipuliza, lakini mwenye mkokoteni hakusikia. Hakuna aliyekufa, ila mayai ndiyo hivyo tena. Meneja wa reli akaenda kwa George Stephenson, fundi mkuu wa enzi hizo, akamuuliza kama haiwezekani mvuke wenyewe ukapiga kelele. Kazi ikapelekwa kwa fundi wa vyombo vya muziki pale Leicester, naye akatengeneza tarumbeta inayopulizwa na mvuke. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa reli, wakitafuta babu wa honi ya treni, huanzia kwenye kikapu kile cha mayai.

Nimeipenda hadithi hii kwa sababu ya kitu ambacho haikukifanya. Hakuna aliyesema mwenye mkokoteni alikuwa mzembe, yaishe. Swali lilikuwa: kwa nini hakusikia? Jibu likawa kwamba sauti ilikuwa ndogo, basi sauti ikaongezwa.

Sheria za Uingereza za miaka iliyofuata zilishika njia hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1839 ilizitaka kampuni za reli ziweke mageti pale reli inapokata barabara kuu, pamoja na watu wa kuyafungua na kuyafunga. Mwaka 1842 ikaongezwa kwamba kwa kawaida geti liizibe barabara na kuiacha reli wazi. Mwaka 1845 mambo haya yakaunganishwa katika sheria moja kubwa iliyotumika kwa kila reli mpya. Kampuni zikaanza kujenga vijumba kando ya vivuko, akaa humo mlinda geti na familia yake. Mara nyingi mume alifanya kazi nyingine ya reli, na geti likawa mikononi mwa mke, usiku na mchana. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwepo waliosinzia na waliosahau, na watu walikufa. Lakini msingi ulieleweka: wewe uliyeleta chuma kinachokimbia kati ya mashamba ya watu, mlinzi utamlipa wewe.

Hata hivyo, sheria ile ya 1845 iliacha mlango wa uani. Mkulima ambaye shamba lake lilikatwa vipande viwili na reli alipewa kivuko chake binafsi, na geti la kufungua na kufunga mwenyewe. Hapo hapakuwa na mlinzi. Barabara kuu ilipata mtu wa kuilinda, njia ya shamba ikapata bawaba na komeo. Tofauti hiyo kati ya mjini na shambani ikumbuke, maana itarudi tena.

Tuvuke bahari ya Atlantiki, kwa kuwa huko ndiko jibu lilikogeuzwa. Marekani ya karne ya 19 ilitandika reli kwa kasi na kwa maelfu ya maili, ikipita kwenye nchi ambayo sehemu nyingine barabara zilikuja baada ya reli. Kuweka geti na mlinzi kila mahali kungeigharimu kampuni pesa nyingi sana. Mwanzoni mbao za onyo zilimwambia mpita njia ajihadhari na mabehewa. Halafu, mapema karne ya 20, yakaenea yale maneno matatu yaliyozunguka dunia nzima hadi kwenye masomo yetu ya usalama barabarani: simama, tazama, sikiliza.

Kama maandishi, maneno hayo hayana kasoro. Ni vitenzi vitatu vya amri, mtoto anavishika kwa siku moja. Tatizo lilianza pale yalipotoka kwenye ubao na kuingia mahakamani. Pennsylvania ilikuwa imeshatangulia tangu karne ya 19: mtu asiposimama kabla ya kuvuka reli, mahakama zake zilimhesabu kuwa ndiye mwenye makosa, basi, hakuna haja ya kusikiliza mengine. Onyo likageuka kipimo cha hatia. Na mtu wa kwanza kupimwa nalo, kwa kawaida, hakuwa hai kujieleza.

Mwaka 1927 suala hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Nathan Goodman alikuwa anaendesha gari la mizigo huko Ohio akagongwa kwenye kivuko na kufa. Mjane wake akaishitaki kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio. Kulikuwa na jengo la reli kando ya njia lililoziba upande treni ilikotoka. Goodman alikuwa amepunguza mwendo hadi kama kilomita 8 au 10 kwa saa, lakini mpaka alipobakiza mita kama 6 kufika kwenye reli, hakuwa na namna ya maana ya kuona. Treni ilikuwa inakuja kwa kilomita zisizopungua 96 kwa saa, yaani karibu mita 27 kila sekunde moja. Mahakama za chini zilimpa mjane haki yake. Mahakama ya Juu ikaipokonya.

Hukumu iliandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, mmoja wa watu wenye kalamu kali kuliko wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mtu anayekwenda kwenye reli anajua anakwenda mahali atakapouawa treni ikimkuta, na anajua kwamba treni haitasimama kwa ajili yake; yeye ndiye asimame. Kama haoni wala hasikii vizuri akiwa ndani ya gari, ashuke aende akaangalie, hata kama watu huwa hawafanyi hivyo.

Ukiisoma haraka unatikisa kichwa kukubali. Holmes aliandika vizuri mno. Ila jaribu kuifanya. Umesimamisha gari, umeshuka, umetembea hadi kwenye reli, umeangalia huku na huku, hakuna kitu. Unarudi, unapanda, unawasha, unaweka gia, unaanza kusogea. Imeshapita nusu dakika au zaidi. Treni ya Goodman katika sekunde 30 ingekuwa imekwenda mita mia nane. Ulichokiona kule kwenye reli ni habari ya zamani.

Hili ndilo aliloliona jaji mwingine, Benjamin Cardozo, miaka saba baadaye. Kesi ya mwaka 1934 ilikuwa ya John Pokora, muuza barafu wa Springfield, Illinois, aliyekwenda na gari lake kupakia barafu. Palikuwa na reli nne za kuvuka, na kwenye ya kwanza kulikuwa na mabehewa yamesimama na kuziba upande mmoja wote. Pokora alifanya kila kitu ubao ulichomwambia. Alisimama. Akatazama kadiri mabehewa yalivyomruhusu. Akasikiliza, hakusikia kengele wala honi. Akasogea taratibu, na treni ya abiria ikamgonga kwenye njia kuu. Yeye alipona, ndiyo maana tunao upande wake wa maelezo.

Mahakama za chini zilimwambia kwamba kwa mujibu wa Goodman alipaswa kushuka. Cardozo akasema hapana. Kushuka kwenye gari ni jambo ambalo watu hawalifanyi, mara nyingi halisaidii, na wakati mwingine linaongeza hatari, kwa kuwa treni inaweza kufika wakati mtu anarudi kwenye usukani. Akaonya mahakama zisitunge kanuni ya mwenendo wa binadamu halafu zikaigeuza kuwa sheria bila kuangalia hali halisi ya mahali. Kila kivuko kitazamwe kilivyo: mtu angeweza kuona nini, na kutoka wapi.

Nikisoma kesi hizi mbili huwa nakumbuka mabasi niliyopanda nikiwa mtoto. Tukifika kwenye reli, dereva alisimama, utingo akaruka chini, akaenda kusimama kati ya reli, akaangalia pande zote mbili, halafu akapiga mkono kwenye bodi: "Twende suka, twende!" Basi likavuka, naye akalirukia likiwa linatembea. Huyu ndiye mtu aliyekosekana kwenye hukumu ya Holmes. Ushauri wake unafanya kazi, ila unahitaji watu wawili: mmoja abaki na macho kwenye reli, mwingine abaki na mikono kwenye usukani. Goodman alikuwa anaendesha peke yake, na marehemu wa lori la mahindi vilevile.

Kuna jambo jingine kuhusu neno "tazama". Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, aliandika kuhusu jinsi macho yanavyotudanganya kwenye vivuko vya reli. Kitu kikubwa kikija kwa mbali huonekana kinakwenda polepole kuliko mwendo wake halisi. Ndege kubwa ikitua huonekana kama inaelea, ile ndogo huonekana kama inakimbia, kumbe kubwa ndiyo yenye kasi zaidi. Treni ni hivyohivyo. Tena mtu aliye karibu na reli anaiona ikimjia karibu usoni kabisa, haikati upande kwa upande, kwa hiyo jicho halina cha kupimia mwendo. Mtu anaweza akasimama, akatazama, akaiona treni kwa macho yake mawili, akaamua kwamba bado yuko na nafasi, na akakosea. Jirani zake watasema alikuwa anashindana na treni. Huenda kweli. Huenda pia aliamini macho yake kama sisi sote tunavyoyaamini.

Na treni haina la kufanya. Haiwezi kukwepa. Treni ndefu ya mizigo inayokwenda kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita moja na nusu au zaidi kusimama baada ya breki za dharura kukazwa. Dereva wa treni akiona lori kwenye kivuko, kinachobaki kwake ni kubonyeza honi, kushika breki na kutazama. Madereva wa treni ni waathirika ambao sisi waandishi hatuwahesabu kwenye idadi ya majeruhi, maana mwilini hawana jeraha.

Sasa mitambo. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya ubunifu mdogo ambao hadi leo unaokoa watu. Unapitisha umeme mdogo kwenye reli zenyewe. Treni ikiingia kipande hicho, magurudumu na ekseli zake zinauunganisha umeme huo njiani, haufiki kwenye kifaa kilichokuwa kinaupokea, na kifaa kikikosa umeme kinawasha taa na kengele. Uzuri wake upo kwenye kuharibika kwake: waya ukikatika, betri ikiisha, reli ikivunjika, kifaa kinakosa umeme vilevile, na kivuko kinajifanya kama treni inakuja. Kikikosea, kinakosea upande wa uhai. Laiti taasisi nyingi zingejengwa hivyo.

Teknolojia hiyo ndiyo iliyoiwezesha Uingereza, miaka ya 1960, kuanza kuwaondoa walinda geti wake na kuweka vizuizi vinavyojishusha vyenyewe, vyenye kuziba nusu tu ya barabara. Kilikuwa chombo cha kisasa na chenye nafuu kwa gharama. Tarehe 6 Januari 1968, kwenye kivuko kipya cha Hixon, Staffordshire, gari refu la mita 45 lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa linavuka kwa mwendo wa kutambaa. Lilihitaji kama dakika moja kuvuka. Mtambo ulikuwa unatoa onyo la sekunde 24. Treni ya kasi iliyokuwa inakwenda London ikaligonga, na watu 11 wakafa.

Pale Hixon palikuwa na simu. Utaratibu ulisema gari zito na la polepole lazima limpigie kwanza mtu wa ishara za reli. Msafara ulikuwa na askari polisi wa kusindikiza, na hakuna aliyepiga. Ukitaka kuandika "uzembe", nafasi ndiyo hiyo. Lakini uchunguzi wa wazi uliofanyika baadaye, wa aina ambayo Uingereza haikuwa imeufanya kwa ajali ya reli tangu daraja la Tay lilipoanguka mwaka 1879, uliuliza maswali mengine: ujumbe kuhusu simu uliwafikiaje watu waliopaswa kuujua? Kibao kilisomeka kwa dereva aliye kwenye mwendo? Kwa nini mtu wa kibinadamu aliyekuwa analiona gari kwa macho ameondolewa, na nafasi yake kuchukuliwa na mtambo unaojua treni tu na haujui gari? Mabadiliko yaliyofuata yaligusa mabango, taa na taratibu za vivuko nchi nzima.

Kule Marekani nako hesabu ilifika mahali pa kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na migongano kama 12,000 kwa mwaka. Mwaka 1972 jimbo la Idaho lilianzisha kampeni ya elimu iliyoitwa Operation Lifesaver, ambayo baadaye ilienea nchi nzima. Mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya usalama barabarani iliyotenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya vivuko: taa, vizuizi, madaraja, na kuvifunga visivyo vya lazima. Siku hizi migongano ni kama 2,000 kwa mwaka, ingawa magari yameongezeka sana. Watu hubishana ni kipi kilichofanya kazi zaidi, elimu au fedha. Mimi naona jibu ni rahisi: vilikuja pamoja. Hawakumwambia mtu asimame halafu wakamwacha kichakani.

Siyo kwamba walimaliza. Ule mlango wa uani wa mwaka 1845, njia ya shamba isiyo na mlinzi, bado upo wazi hata kwao. Tarehe 27 Juni 2022, karibu na mji mdogo wa Mendon, Missouri, treni ya abiria iliyokuwa inatoka Los Angeles kwenda Chicago iligonga lori la mawe kwa mwendo wa karibu kilomita 140 kwa saa. Walikufa watu wanne, abiria watatu na dereva wa lori, na wengine wapatao 150 wakaumia. Kivuko kilikuwa na vibao tu, hakuna taa wala kengele. Barabara ya kokoto ilipanda tuta kwa mwinuko mkali na kukata reli kwa upande, kwa hiyo dereva alitakiwa kugeuza shingo na kuangalia nyuma ya bega lake ili aione treni. Wakazi walikuwa wamelalamika kabla. Taa na vizuizi vilikuwa tayari kwenye mpango wa jimbo, vinasubiri.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walisema dereva wa lori hakusimama ingawa palikuwa na kibao cha kumtaka asimame. Hawakumficha. Lakini hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba umbo la kivuko lilipunguza uwezo wa madereva kuona treni, na kwamba mwinuko uliyapa malori mazito shida kusimama. Ukisoma ripoti yao utaona kalamu ya Cardozo imeishi. Kivuko chenyewe kilifungwa, na jimbo likatenga mamilioni ya dola kwa ajili ya vingine.

Niliposoma maelezo ya Mendon nilisimamisha kusoma kidogo. Tuta, kona, mwinuko, lori la mzigo. Nilishawahi kuwa pale, kwa bodaboda.

Kwetu reli ilikuja na wakoloni. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893, Waingereza wakaanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Zilijengwa ili kutoa mizigo bara na kuileta pwani, kwa gharama ndogo iwezekanavyo, na vijiji vilivyokatwa havikuulizwa vinapitia wapi kwenda kisimani. Njia za mifugo, za kuni, za shule, zikavuka reli palepale zilipokuwa zinapita. Baadaye baadhi zikawa barabara za magari bila yeyote kukaa na kuamua. Ndivyo tulivyorithi vivuko vingi vya vijijini: hakuna aliyevisanifu. Tulichoweka baadaye, pale tulipoweka, ni kibao cha alama ya X.

Mwishoni mwa Novemba 2023, basi la abiria liligongana na treni ya mizigo Manyoni, mkoani Singida, na watu 13 wakapoteza maisha. Nilifuatilia habari zile siku nzima. Sitazungumzia chanzo chake, siyo kazi yangu hapa. Nasema tu kwamba kwenye mitandao, kabla miili haijatambuliwa yote, watu walikuwa wameshahukumu, kwa ile sentensi yangu ya zamani.

Kuna wanaosema tatizo linajimaliza lenyewe kwa sababu ya reli mpya. Kweli, SGR imejengwa kwa jibu la mwisho ambalo historia yote hii inalielekea: njia mbili zisikutane kabisa. Ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ya kwetu, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, zimezungushiwa uzio, na magari yanapita juu au chini. Treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kuombwa ishirikiane na mkokoteni wa ng'ombe. Ila reli za zamani hazijaondoka. Bado zinabeba mizigo na watu, na bado kuna mtoto wa shule anayezivuka mara mbili kwa siku.

Na madaraja siyo dawa pekee. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Tuseme treni inakwenda kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 17 kwa sekunde. Lori lenye mzigo likianza kutoka kusimama, tuseme linahitaji sekunde 12 hadi mkia wake utoke relini. Basi dereva lazima aweze kuona mita 200 za reli, kila upande, kutoka pale aliposimama. Kama kichaka kinamwonyesha mita 60, kibao cha X hakimsaidii chochote. Kinamwambia atazame kisichoonekana. Panga na watu wanne kwa siku moja wanaweza kumrudishia zile mita 140. Greda inaweza kulisawazisha tuta ili lori lisimame tambarare kabla ya reli. Matuta ya barabarani yanaweza kumpunguza mwendo kabla hajafika. Vivuko viwili vilivyokaribiana vinaweza kuunganishwa kuwa kimoja, na hicho kimoja kikapewa taa au mtu. Bodi ya barabara iliziona hizi zote, na bodi ya reli iliziona, na kichaka kiko kwenye mpaka wao, ndiyo maana kinastawi.

Sisemi madereva hawana makosa. Nimewaona wanaokimbiza basi lenye abiria sitini ili kuwahi treni ya mabehewa thelathini, na nikashika kiti kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo ashitakiwe. Lakini neno "uzembe" lina kazi mbili kwenye habari zetu. Ya kwanza ni kumtaja mkosaji, na wakati mwingine ni haki. Ya pili ni kufunga mjadala. Ukishaandika uzembe, hakuna anayekwenda kupima kichaka.

Siku hizi nikitumwa kuandika ajali ya kivuko, nina maswali ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari langu. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva angeona reli umbali gani? Barabara inapanda kwa ukali gani? Kuna taa, kengele, mlinzi, au kibao tu, na kibao kinaonekana? Honi ilipigwa wapi, na kuna anayeweza kuisikia akiwa ndani ya gari linalonguruma? Nani alilalamika kabla, na kwa nani? Nafasi ya kuyajibu yote huwa haitoshi. Mara ya mwisho mhariri alinikatia aya mbili, akaniachia moja, ile ya mwinuko. Nikashukuru.

Kuhusu lori la mahindi, habari yangu bado ipo mtandaoni. Ukiandika jina la kijiji inatokea ya kwanza. Familia yake ikitafuta siku moja, kitu watakachokikuta kuhusu kifo cha baba yao ni kwamba hakuchukua tahadhari. Niliomba irekebishwe, nikaambiwa habari ni ya zamani na hakuna aliyelalamika.

Ndiyo maana nimeandika hii.